Nani Alihesabu Matatu ya Kondele?

Matatu ilikuwa imekwama chini ya daraja la Kondele, hapa Kisumu. Injini inanguruma, jua la saa nane linachoma kioo cha mbele, na kijana aliyeketi nyuma ya dereva ameinua simu juu ili kila mtu aone. Ilikuwa video ya Prince Indah, mwimbaji wa Kiluo, na chini yake idadi ya waliotazama.

"Milioni ni milioni," akasema. "Huyo wako ana ngapi?"

Aliyekuwa anaambiwa hivyo ni konda, shabiki wa kufa na kuzikana wa mwimbaji mwingine, Emma Jalamo. Hakujibu papo hapo. Alipokea nauli ya mama mmoja, akamrudishia chenji, kisha akagonga spika iliyokuwa juu ya mlango kwa kifundo cha kidole.

"Hii imelia tangu alfajiri. Leo nimebeba watu wangapi, omera? Hiyo simu yako imewahesabu?"

Gari zima likaangua kicheko. Kijana akajitetea kwamba abiria hawakuchagua, wamelazimishwa kusikiliza. Konda akamuuliza kama kuna abiria yeyote aliyeomba izimwe. Hapo ndipo yule mama wa chenji, aliyekuwa kimya akipakata kuku ndani ya kapu, akainua kichwa.

"Na sisi mbona hatuulizwi? Mimi ni wa Okatch Biggy, yule mzee wa gitaa za benga."

Foleni ikafunguka, gari likaondoka, mjadala ukazama kwenye besi.

Mimi nilishuka nao kichwani, na kwa wiki kadhaa haukutoka.

Kazi yangu ni kuhesabu

Mchana mimi ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nahesabu mabati, misumari kwa kilo, rangi kwa debe. Jioni ni shabiki wa muziki, na kila Desemba huandika hapa orodha ya nyimbo zangu kumi za mwaka. Mnaonisoma mnajua jinsi maoni yanavyowaka moto hadi Januari, na mnajua kuna watu wawili ambao hawajanisamehe orodha ya mwaka juzi.

Safari hii nilifungua ukurasa, nikaandika "1," nikaukodolea macho.

Nilikuwa najiuliza swali la konda. Wimbo bora wa mwaka ni upi: nilioubonyeza mara nyingi, au uliojaza masikio yangu mwaka mzima bila mimi kugusa kitu? Stoo nayo imenifundisha jambo. Naweza kukuambia mifuko mingapi ya saruji imetoka leo, lakini siwezi kukuambia imejenga nini: choo, kaburi au ghorofa. Leja ya stoo ni ya kweli kabisa, na bado haijui mambo.

Nikaanza kushuku kwamba chati zote ninazozipenda, zile orodha za nyimbo zinazoongoza, ni leja za stoo.

Simu inanijua nikiwa peke yangu

Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na tangu hapo kila mwisho wa mwaka watu hupokea ule muhtasari wa rangi rangi: msanii wako wa kwanza, nyimbo zako tano, dakika ulizosikiliza. Watu huuweka kwenye hali ya WhatsApp kama cheti cha mtihani.

Wangu ulisema mimi ni mtu wa gitaa za Uingereza. Wa kwanza hadi wa nne wote ni Waingereza, na wa tano Mmarekani.

Si uongo. Nimekuwa mgonjwa wa chati za Uingereza tangu sekondari, na usiku nikivaa spika za masikioni ndiko ninakoenda. Lakini mwaka huo huo nimecheza ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, kwenye arusi mbili za binamu zangu, nimesikiliza benga kwa kinyozi kila nikinyoa, nimelala kwa shida kwa sababu ya disko matanga (muziki wa mkesha wa msiba) ya jirani na kuamka nikiimba kilichoninyima usingizi. Vyote hivyo simu haikuvisikia. Ilikuwa mfukoni, imenyamaza, haijaandika kitu.

Inachohesabu ni upweke wangu.

Na sisi huku muziki hatuusikilizi sana peke yetu. Spika moja ya boda boda iliyoegeshwa Kibuye siku ya Jumapili inahudumia wauza mitumba wa mistari mitatu. Chaneli ya video ikifunguliwa kwenye kibanda cha samaki, inahesabiwa kuwa mtazamaji mmoja, hata kama meza zote zimejaa na watu wamesimama nje. Kwa hiyo yule kijana na simu yake alikuwa na haki ya kusema milioni ni milioni. Ila milioni ya wanaosikiliza mmoja mmoja na milioni ya vibanda si kitu kimoja.

London, Agosti 1995

Nikarudi kwenye ugomvi niliokulia nao, ambao kila mgonjwa wa chati anaujua. Agosti 14, 1995, Blur na Oasis, bendi mbili za Uingereza, walitoa single zao siku moja. Blur walikuwa na "Country House," Oasis "Roll With It." Magazeti yakageuza jambo lile kuwa kusini dhidi ya kaskazini, watoto wa tabaka la kati dhidi ya watoto wa vibarua, hadi likasomwa kwenye taarifa ya habari. Jumapili ikaja: Blur nakala 274,000, Oasis 216,000.

Kwa miaka mingi niliyachukulia matokeo hayo kama ya mechi. Blur walishinda, basi.

Lakini itazame hesabu yenyewe. Single ya Blur ilitolewa kwenye CD mbili tofauti, kila moja na nyimbo zake za ziada. Shabiki wa kweli alizitaka zote mbili. Akinunua zote, kwenye kitabu anaonekana ni watu wawili. Hakuna udanganyifu hapo, sheria iliruhusu. Ila ukishaliona hilo huwezi tena kusema chati ilihesabu watu. Ilihesabu mauzo, na penzi la mtu mmoja linaweza kununua mara mbili. Kisha albamu ya Oasis ikatoka Oktoba ya mwaka huo na kuwaacha Blur mbali sana kwa mauzo, na hadi leo mashabiki wa pande zote mbili wana ushahidi wa kutosha kwamba wao ndio walioshinda.

(Tukiwa huko London: mwaka 1968 bendi ya huko, The Tremeloes, walifika nambari 14 kwenye chati ya Uingereza na "Helule Helule," utunzi wa Daudi Kabaka, mtu wa huku kwetu magharibi mwa Kenya. Wimbo ulifika, sauti yake haikufika. Chati ina safu ya jina la mwimbaji, na jina lililoandikwa hapo halikuwa lake. Kila nikisikia mtu akisema muziki wa huku kwetu haujawahi kuingia chati za dunia, hukohoa kidogo.)

Simu za Percy Dickins

Kilichonipa wazo ni chanzo cha chati yenyewe. Novemba 1952, Percy Dickins wa gazeti la New Musical Express aliinua simu akapigia maduka kama ishirini ya santuri, akauliza kila duka ni nini kinachouzwa sana. Akajumlisha. Ikachapishwa tarehe 14. Nambari moja ya kwanza katika historia ya Uingereza, Al Martino na "Here in My Heart," ilipatikana hivyo, kwa mtu kupiga simu na kuuliza.

Hilo hata karani wa stoo analiweza.

Sisi hatuna tena maduka ya santuri, lakini tunayo ya kujaza flashi. Jumamosi moja nilizunguka karibu na stendi na soko la Jubilee nikiwa na kijitabu, nimejiandaa kuuliza swali la Dickins.

Duka la kwanza lilikuwa upana wa mlango. Kompyuta moja, kibodi ambayo herufi zake zimefutika zote isipokuwa Q na X, na kijana mwenye kofia ya Gor Mahia ambaye mikono yake haikupumzika hata alipokuwa akizungumza nami. Kwenye kioo cha kompyuta mafaili yamepangwa safu: OHANGLA MPYA, OHANGLA LIVE, BENGA ZA WAZEE, RHUMBA KALI, BONGO, INJILI JUMAPILI, na moja lililoandikwa MATANGA tu.

"Wiki hii watu wameomba wimbo gani zaidi?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa.

"Watu hawaombi wimbo, mkubwa. Wanaomba GB."

Nikakaa kwenye benchi kuona kama anatania. Akaja mwendesha boda, akavua flashi iliyofungwa kwenye funguo za pikipiki. "Nijazie. Ya jana imechosha. Usiniwekee za polepole." Akaja mama mwenye baa upande wa Ahero, anataka "za watu wazima, zile mtu anakunywa akitulia." Akaja mvulana wa sauti za kanisani, anataka ala tupu bila mwimbaji. Kila mmoja akaulizwa swali moja: nne au nane? Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo, flashi ikachomolewa, pesa ikatolewa, mwingine akaingia.

Hakuna aliyetaja jina la wimbo. Wawili tu walitaja jina la msanii. Waliobaki walitaja dijei.

Nikamwomba anifungulie hizo miksi. Faili moja ilikuwa ya zaidi ya saa nzima. Ndani yake nyimbo zimekatwa zikaunganishwa, kila mmoja unapewa dakika moja na nusu hivi, ubeti wa pili haufiki, na katikati dijei anapiga kelele kutaja jina lake na la mtu aliyemlipa amtaje. Nilitambua kipande cha Indah. Kabla sijamaliza kutikisa kichwa, kikawa cha Jalamo. Nusu ya korasi ya huyu imelaliwa na ngoma ya yule.

Nilikuwa na kijitabu wazi na kalamu mkononi, na sikujua niandike nini.

Maana hapo ndipo mambo yalipogeuka kwangu. Nilidhani tatizo la Kisumu ni kwamba hakuna anayehesabu. Kumbe hata ukija kuhesabu, kitu chenyewe hakijakatwa vipande vya kuhesabika. Wale wawili ambao konda na kijana walikuwa tayari kukunjana mashati kwa ajili yao, kwenye flashi ni faili moja, na mwenye jina kwenye faili hilo ni mtu wa tatu.

Mwenye kuhesabiwa ndiye anayelipwa

Ningeishia hapo ningekuwa nimepata makala tamu: muziki wetu ni mto, hauhesabiki, London wakae na leja zao. Nilikwisha kuanza kuiandika. Nikaiacha katikati, kwa sababu niliikumbuka Mei 1991.

Kabla ya mwaka huo, jarida la Billboard la Marekani nalo lilitegemea kuuliza maduka. Tatizo la kuuliza ni kwamba anayejibu ana masikio yake, ana marafiki kwenye kampuni za rekodi, na ana picha kichwani ya nini "kinapaswa" kuwa kinauzwa. Mei 25, 1991 chati ya albamu ikaanza kutumia SoundScan, mfumo uliosoma msimbo pau kaunta kila nakala ilipouzwa. Mashine haina rafiki. Ghafla muziki wa kantri na rapu ukaruka juu, na mwezi uliofuata albamu ya kundi la rapu la N.W.A ikakalia nambari moja. Septemba, Garth Brooks akaingia moja kwa moja juu kabisa na albamu ya kantri, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Wasikilizaji wale hawakuzaliwa wiki ile. Walikuwepo siku zote, wananunua, na karani wa duka anawasahau.

Sasa weka hilo hapa. Matatu na baa kisheria zinatakiwa kulipia leseni ya kupiga muziki hadharani. Leseni hiyo hulipwa kwa jumla. Stika inasema gari hili linapiga muziki, haisemi unapigwa upi. Pesa ikishakusanywa lazima igawanywe kwa kipimo fulani, na kama kipimo hakikai ndani ya matatu ya Kondele, basi zile siku nzima za Emma Jalamo kwa yule konda zinaweza kwenda kumlipa mtu ambaye hajawahi kusikika mtaani Manyatta. Flashi ndiyo balaa zaidi: pesa niliyoiona ikitolewa kwenye lile duka, yote, iliishia kwenye lile duka. Tuna Sheria ya Hakimiliki tangu 2001. Sheria ipo, na mstari wa kijani unatambaa.

Ndiyo maana wanamuziki wa ohangla wanang'ang'ania Skiza, ile huduma ya Safaricom ya wimbo anaousikia mtu akikupigia simu. Utaona kwenye bango la shoo, utaona kwenye video, utasikia kwenye jukwaa kati ya wimbo na wimbo: nambari ya Skiza inasomwa polepole, inarudiwa, kama nambari ya simu ya mgonjwa anayehitaji damu. Hapo kila anayeuweka wimbo anaonekana. Ni mlango mwembamba, na mwimbaji anamsukumia kila shabiki kupitia humo.

Kwa hiyo lile jibu la konda, ambalo lilinifurahisha mno, lina upande wake mchungu. Kutohesabiwa ni raha ya msikilizaji na njaa ya mwimbaji. Sikupata njia ya kulikwepa hili. Bado sijapata.

Usiku wa kutupa pesa

Katikati ya Desemba, watu wa Nairobi walipoanza kurudi, nilikwenda shoo ya ohangla kwenye ukumbi mmoja njia ya Mamboleo. Sikwenda kutafiti chochote. Nilikwenda kwa sababu shemeji zangu wamekuja, na shemeji hakai nyumbani Desemba.

Saa tano usiku pakruok, ule mchezo wa Waluo wa kujisifu ukitoa pesa, ikaanza. Mwenye shati jeupe kutoka meza ya mbele akapanda, muziki ukashushwa hadi ngoma moja na kinanda, akapewa kipaza sauti. Akajisifu. Akamsifu babake, akasifu ng'ombe wa babake, akataja kijiji chake na kituo cha basi kinachokikaribia ili asiwepo wa kujifanya hakijui. Kila sentensi noti. Alipomaliza, mwimbaji akalishona jina lake ndani ya wimbo, na wimbo ukapanda.

Hapo akasimama mwingine kutoka meza ya nyuma, koti begani. Hakuwa amekuja kujibu wimbo. Alikuja kumjibu yule mtu.

Walipishana hivyo kwa muda mrefu. Bendi ilirudi mwanzo wa wimbo ule ule mara kwa mara, kwa sababu kila mmoja aliutaka uanze upya na jina lake likiwa la kwanza. Shemeji yangu, ambaye Nairobi ni mtu mpole wa bima, alikuwa ameshatoa noti mbili kwa ajili ya meza yetu kabla mkewe hajamshika mkono.

Nikakumbuka Krismasi ya 2009 huko Uingereza. Washindi wa shindano la televisheni la The X Factor walikuwa wamechukua nambari moja ya Krismasi miaka minne mfululizo. Mume na mke, Jon na Tracy Morter, wakaanzisha kampeni Facebook watu wanunue wimbo wa zamani wa Rage Against the Machine, "Killing in the Name," ili tu mshindi wa mwaka huo, Joe McElderry, asipite. Ukauza zaidi ya nakala laki tano ndani ya wiki ukashinda. Wengi walionunua hawakuwa na haja ya kuusikiliza. Walinunua ili wengine washindwe.

Huko London magazeti yaliandika kana kwamba chati imeharibika. Kwenye ukumbi wa Mamboleo hakuna ambaye angeshangaa. Kila mtu pale anajua mashindano si ya wanamuziki. Mwanamuziki ni uwanja. Wanaoshindana ni wenye koti na wenye shati jeupe, na pesa inahesabiwa hapo hapo, mbele ya watu, na inaingia mfuko wa bendi usiku ule ule bila kupitia ofisi.

Ndiyo chati pekee niliyoiona mwaka huu ambayo mhesabiwa na mlipwaji wako chumba kimoja.

Sisemi ni ya haki. Asiye na noti hana kura. Yule mama wa kuku asingepata kipaza sauti usiku ule, na wanawake waliopanda jukwaani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kuna wimbo mzuri zaidi uliopigwa mapema, saa tatu, wakati meza za matajiri zilikuwa bado tupu, ukapita bila sifa ya mtu. Huo niliuandika.

Marehemu nambari moja

Basi, orodha.

Kanuni niliyojiwekea ni hii: wimbo unaingia ikiwa umenikuta mahali ambapo sikuuchagua, na nikabaki. Nikakataa kushuka kituo changu, au nikasimama nje ya duka nikijifanya natazama bei. Waingereza wangu wa usiku wote wakaanguka hapo hapo. Iliniuma kidogo.

Nambari moja ni "Adhiambo Nyakobura" ya Okatch Biggy.

Najua. Mtu amefariki 1997. Orodha ni ya mwaka huu. Tayari naona maoni mnayoandika. Lakini huu ndio wimbo ulionifuata kwa kinyozi, kwenye harambee ya karo, kwenye gari la kwenda Bondo, na kwenye arusi ya binamu ambapo bwana arusi mwenyewe alizaliwa baada ya kifo cha mwimbaji na anayajua maneno yote. Gitaa linapoanza kupanda baada ya ubeti, watu huacha sahani. Wimbo unaofanya watu waache sahani Desemba hii ni wimbo wa Desemba hii.

Na wenye chati zao walishapambana na jambo hili. Uingereza wana kanuni inayopunguza nguvu ya nyimbo kongwe kwenye mitandao: ukishakaa sana na kuanza kushuka, usikilizaji wako unahesabiwa kwa nusu ya thamani. Juni 2022, wimbo wa Kate Bush wa 1985, "Running Up That Hill," ukafufuliwa na tamthilia ya televisheni, ukawa unasikilizwa kuliko wowote nchini, na kanuni ikauzuia. Ikabidi wasimamizi wa chati wauondoe chini ya kanuni. Wiki hiyo hiyo ukawa nambari moja. "Last Christmas" ya Wham! nayo ilitoka 1984 ikasubiri hadi Januari 2021 kufika juu.

Kama London inaweza kumlegezea kanuni mwimbaji wa 1985, mimi nani nimkatalie Okatch?

Shaka yangu ni nyingine. Nikiwaweka wazee juu kila mwaka, vijana waliopo wataishi kwa nini? Okatch hahitaji nafasi yangu. Anayeihitaji ni yule wa saa tatu usiku, aliyeimba wakati meza zikiwa tupu. Nilizungusha nafasi hizi mbili siku nzima kazini, nikakosea hata kuandika oda ya misumari. Mwishowe nikamwacha mzee juu, kwa sababu orodha ya vipenzi ikianza kuwa ya msaada itakuwa haijasema ukweli. Wa saa tatu nimempa nafasi ya nne, na hiyo ni juu kuliko nilivyowahi kumpa mtu yeyote ambaye nimemsikia mara moja tu. Video yake ikipatikana nitaweka kiungo. Skiza yake pia.

Nafasi ya pili

Nafasi ya pili ni Prince Indah.

Na Emma Jalamo.

Msianze. Nimejaribu kuwatenganisha kwa kanuni yangu mwenyewe na haikuwezekana, kwa sababu nusu ya mara nilizowasikia walikuwa ndani ya miksi moja, korasi juu ya korasi. Anayeniambia ni woga akaisome ile chati ya kwanza ya Percy Dickins: ilikuwa na nafasi 12 na rekodi 15, kwa kuwa zilizofungana alizipanga pamoja na hakuna iliyotupwa. Yangu ina nafasi 10 na nyimbo 13. Nafasi ya saba wamo watatu, mmoja wao wa injili, na hao nitawatetea kwenye makala nyingine kwa sababu najua mtaanza na huyo wa injili.